Adungu ya Babu Yako Inakuja na Basi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Pakwach hatujambo. Babu yako anakusalimu, na safari hii salamu zimetoka kinywani mwake mwenyewe.

Dada yako ameniambia hulali, moyo unakwenda mbio usiku kwa sababu ya mitihani, na kwamba umeacha kwaya ili upate muda wa kusoma. Sikugombezi. Nakuomba tu unisikilize, maana ninayokuandikia nimeyaona kwa macho yangu.

Unakumbuka kiharusi cha mwaka jana. Upande wa kulia ulilegea, ulimi ukafungwa. Mzee aliyekuwa akiamrisha kikosi kizima kwa Kiswahili cha kambini akawa hawezi hata kuomba maji. Ananyoosha kidole kwenye mtungi, midomo inamtetemeka, machozi yanamtoka. Nami nageukia ukutani asinione.

Jioni moja baba yako akaishusha adungu, kile kinubi chetu, juu ya kabati, akakaza nyuzi, akaanza ule wimbo wa Kialur wa kumpokea bibi harusi. Babu akaimba! Maneno kamili, ubeti mzima, mpaka sufuria ikaniponyoka. Wimbo ulipokwisha, ulimi ukafungwa tena.

Mtaalamu wa viungo anayekuja kumfanyisha mazoezi alinieleza. Kwa watu wengi usemi hukaa zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na ndio ulioumia kwa babu. Wimbo huamsha pande zote mbili, kwa hiyo neno linaweza kupata njia nyingine ya kutokea. Akanitajia Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 2011, upande huohuo. Naye nyimbo zilimsaidia kurudisha usemi. Basi tukaanza. “Na-ta-ka ma-ji” tukaitia sauti ya kupanda na kushuka, mkono wake wa kushoto ukigonga goti kwa kila silabi. Wiki zikapita, tunaimba tu. Siku moja akaomba maji bila kuimba.

Hata kutembea ni hivyohivyo. Mimi napiga jerikani tupu, mdundo wa taratibu usiobadilika, na mguu wake unaufuata. Nikiacha kupiga, anaanza kuuburuta.

Wewe huna kiharusi, lakini mwili wa binadamu ni mmoja. Wimbo wa polepole hutuliza pumzi, na pumzi ikitulia, moyo nao hupunguza mbio. Anayeimba huvuta hewa haraka na kuitoa taratibu mpaka mstari uishe. Kwa kifua kinachobana, hiyo peke yake ni nafuu kubwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, kwa hiyo usidhani ni maneno ya mama yako tu. Ile kwaya uliyoiacha ilikuwa inakutunza.

Sisemi ujizibe masikio kwa visikizi usiku kucha. Sauti kubwa huua chembe za ndani ya sikio, na zikifa hazioti tena. Nausemea muziki unaotoka kwenye vidole na kifua chako, wenzako wakiwa kando. Na moyo usipotulia, nenda kwa daktari, usione haya. Babu mwenyewe anaimba na vidonge vya presha anameza kila siku.

Adungu nimeifunga kwa kitenge cha njano na kumkabidhi kondakta wa basi la usiku. Nitakupigia kukupa namba ya gari. Uzi wa tatu umekatika, tafuta ule wa kuvulia samaki. Sisi tutabaki na jerikani na sauti zetu. Nilimwuliza babu kwanza, maana ni mali yake. Alikaa kimya muda mrefu, anaitazama, mkono unagonga goti. Kisha akasema, “Mpe.”

Mama yako akupendaye.