Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi ya Kunduchi na Ombi la Kwenda Mkwaja

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha matembezi na mbwa. Mhazini amekwisha kugawa hesabu, nazo zina ajenda yake. Mimi nitajikita katika suala lililotushughulisha kuliko yote, nalo ni wapi mkazi wa Dar es Salaam anaweza kutembea na mbwa wake kwa urahisi, akaona jambo la historia, na asimkere mtu.

Wanachama wengi waliomba twende Mkwaja, kwenye ranchi ya zamani iliyo kaskazini mwa mto Wami, na ombi hilo lina msingi. Ranchi ile ilianzishwa mwaka 1952 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili wafanyakazi wa mashamba yake wapate nyama, na kwa karibu nusu karne wafugaji walipambana na mbung'o waenezao nagana, maradhi ya mifugo, wakitumia dawa na kufyeka vichaka, hadi ilipofungwa mwaka 2000. Leo eneo lake limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na mbwa wa kufugwa haruhusiwi kuingia katika hifadhi ya taifa. Kamati haikutafuta upenyo, wala isingefaa kuutafuta, kwa sababu mbwa anaweza kuwaambukiza wanyamapori kichaa na maradhi mengine. Watakaotaka kuiona Mkwaja wataandaliwa safari isiyo na mbwa.

Hivyo matembezi yetu makuu yamebaki kuwa ya magofu ya Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam. Njia ni tambarare, inamfaa mzee, mtoto na hata mbwa aliyechoka miguu. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla lami na mchanga havijashika moto na kuunguza nyayo za mbwa, na siku ambayo maji yamekupwa tunarudi kwa kupitia ufukweni. Kule kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, katikati ya mibuyu. Waashi walipachika kwenye nguzo hizo bakuli na sahani za kaure zilizoletwa kutoka ng'ambo. Ukisogea karibu utaona vishimo vya duara kwenye chokaa, mahali ambapo vyombo vimebanduliwa, na kwa kweli inauma kuviona.

Hapa ninaomba tuelewane vizuri. Pale ni msikiti na ni makaburi, hata kama kuta zimebomoka, na mbwa haingii. Nusu yetu hubaki nje kivulini wakishika kamba, wengine wakaingia kwa tiketi, kisha tunapokezana. Vilevile, wengi wa majirani zetu wa Kunduchi ni watu wa swala, na mate ya mbwa yakigusa kanzu ya mtu humlazimu kuitoharisha kabla hajasimama kuswali. Kwa hiyo kamba iwe fupi, na njia ikiwa nyembamba sisi ndio wa kusubiri. Akina mama wakaanga samaki walituomba tusipite katikati ya meza zao, nasi tunazunguka. Kabla ya kila matembezi katibu humwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na heshima hiyo imetufungulia njia kuliko barua yoyote.

Kuhusu afya, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa itaendelea kukaguliwa kabla ya kuondoka, bila kujali cheo cha mwanachama. Mkirudi nyumbani, kagueni kupe masikioni na katikati ya vidole.

Kamati inapendekeza utaratibu huu wa Kunduchi uingizwe katika kanuni za chama, ili usitegemee nani ni mwenyekiti. Rasimu iko kwa katibu, na ninaomba mkutano uijadili na kuipigia kura leo.