Ndege mnaowangoja huko bado wako kwetu

Nairobi,
Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua kidogo asubuhi, lakini likishapata joto anatembea vizuri. Mvua ndefu bado hatujaiona, na vumbi ni lile lile unalolijua.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti. Mmeamka giza bado liko, mkawavalisha watoto makoti na kofia, mkaenda hadi Tempelhofer Feld, ule uwanja wa ndege wa zamani hapo Berlin, kuwatafuta ndege wa porini. Upepo ukawapiga pale kwenye njia ya zamani ya kurukia ndege, mdogo akalia vidole, mkarudi nyumbani mkiwa mmeona kunguru tu. Unasema ni heri mngelala. Hapo, mama, sikubaliani nawe hata kidogo, na ndiyo sababu nimekaa chini niandike barua badala ya kukujibu kwa mistari miwili ya simu.

Umesema kulikuwa na ndege akiimba juu, mfululizo, bila kuvuta pumzi, na mkamtafuta msimwone. Huyo ni kipozamataza. Yeye huimba akiwa amepaa juu sana, na kiota chake hukijenga chini ardhini, kwenye nyasi. Uwanja ule ulifungwa kwa safari za ndege mwaka 2008, ukafunguliwa kwa wananchi mwaka 2010, na wenyeji huzuia watu kuingia sehemu ya nyasi zake wakati wa kutaga ili wasimkanyagie mayai. Watoto wamemsikia kipozamataza katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni tatu, mwezi Machi, na baridi ile. Mimi nahesabu hiyo ni asubuhi njema. Na wale kunguru wenye mwili wa kijivu, waambie wajukuu zangu wawatazame sana, kwa maana Nairobi hawapo. Wetu ni weusi wenye kifua cheupe.

Jambo lenyewe ninalotaka kukuambia ni hili: wengi wa ndege mnaowatafuta hamjawaona kwa sababu bado wako huku kwetu, au ndio kwanza wameshika njia.

Jumamosi tulikwenda mbuga ya Nairobi, mimi, mama yako, kaka yako na watoto wake. Tuliingia lango la Lang'ata alfajiri kabla jua halijawa kali. Simba hatukumwona na hakuna aliyelalamika. Upande wa nyanda, kwenye nyasi fupi, tulikuta korongo weupe wakitembea polepole na kudonoa panzi. Hawa ndio korongo wa Ulaya, wale wanaojenga viota juu ya paa za nyumba huko Brandenburg, pembeni mwa Berlin yako. Wa upande wenu wa mashariki hawavuki Bahari ya Mediterania. Wanapaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo haipandi vya kutosha, kwa hiyo wanazunguka: Uturuki, Mashariki ya Kati, Sinai, kisha wanafuata mto Nile mpaka wafike kwetu, na wengine huendelea mpaka kusini kabisa mwa Afrika. Wakati wa kurudi ni njia hiyo hiyo, maelfu ya kilomita, na karibu na mwisho wa Machi au Aprili wanatua kwenye viota vyao.

Nilimpa mpwa wako mdogo darubini amtazame mmoja aliyekuwa karibu na gari. Akauliza, "Guka, mbona amepakwa chokaa miguuni?" Swali zuri sana. Miguu ya korongo huyu ni myekundu, lakini akiwa huku kwenye joto hujinyea miguuni makusudi, ule unyevu ukikauka unampoza damu. Basi miguu inabaki na ukoko mweupe. Akifika kwenu kwenye baridi haihitaji tena, na miguu hurudi wekundu wake. Wapeleke watoto Brandenburg mwezi wa nne, kuna kijiji kinaitwa Rühstädt kilichojaa viota, watazame miguu wanieleze ni ya rangi gani.

Na waambie habari ya korongo wa Klütz. Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo hukimbilia wapi majira ya baridi. Wako waliodhani hujificha chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz, kaskazini mwa nchi mnayokaa, akapigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni, mkuki wa mti wa Afrika. Alikuwa amerushiwa huku kwetu barani, akanusurika, akaruka nao shingoni mpaka Ujerumani. Yuko mpaka leo kwenye Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa pamoja na mkuki wake. Kila ninapomfikiria ndege yule moyo unanisimama. Rostock si mbali na kwenu kwa treni. Ningekuwa huko, ningeshakwenda.

Lakini korongo ni mkubwa, kila mtu anamwona. Ninayetaka mumngoje hasa ni mwingine, mdogo, wa rangi ya udongo, uzito wake kama gramu 12 hivi. Ukimwona humgeuzii shingo. Wajerumani wanamwita Sumpfrohrsänger, uliza kwa jina hilo. Tangu nistaafu, unajua, huwa natoka na kundi la Jumatano la kutazama ndege la shirika la Nature Kenya, lile linaloanzia Makumbusho ya Taifa na ambalo limekuwa likitembea tangu mwaka 1971. Humo ndimo nilimojua habari za ndege huyu, na sijaacha kumwaza.

Anaondoka Ulaya mwezi wa nane, anakuja kwa mwendo wa taratibu, na kufikia Novemba na Desemba anapita Tsavo. Pale hoteli ya Ngulia, iliyo juu ya ukingo wa mlima, usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wa safari hupotea njia wakavutwa na taa. Tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hutega nyavu pale, wakawavisha pete ndogo ya alumini mguuni na kuwaachilia. Huyu wetu ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi. Baadaye huendelea kusini, Malawi, Zambia, Msumbiji, na mwezi wa nne anapita tena Kenya, safari hii mbio mbio, akirudi kwenu.

Sasa sikia. Dume wa ndege huyu wimbo wake karibu wote ni sauti za ndege wengine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza huko Ubelgiji, akachapisha utafiti wake mwaka 1979: alitambua sauti za aina 212 za ndege, na kati ya hizo 113 ni za Afrika. Dume mmoja kwa wastani huiga aina 76. Hafundishwi na baba yake, kwa sababu baba huwa ameshanyamaza makinda wanapokua. Anaokota mwenyewe, mwaka wake wa kwanza tu: kidogo kule alikozaliwa, kidogo njiani, nyingi huku kwetu vichakani. Halafu anarudi Ulaya, anasimama kwenye kijiti, anaziimba zote kwa mkupuo mmoja.

Mwanangu, unaniambia kila mara unaogopa watoto hawataijua sauti ya nyumbani. Basi huyo hapo analeta.

Msimtafute sasa, hayupo. Ngojeni mwisho wa mwezi wa tano. Nendeni kando ya mitaro na vijito, penye magugu marefu na ile mimea inayowasha, thabai yetu ya Limuru, huko imejaa tele. Fikeni kabla ya saa kumi na moja alfajiri, au hata usiku, maana huimba usiku pia. Hamtahitaji kofia nzito. Mkubwa abebe simu arekodi, mdogo akae kimya akiweza, asipoweza si neno. Mimi mwezi wa nne nakwenda Voi kwa mjomba wako, nitarekodi ndege wa vichakani kule, nitakutumia. Watoto wasikilize za huku na za huko, waone kama watamtambua hata ndege mmoja wa huku ndani ya wimbo wake.

Mpaka wakati huo msiache kutoka. Chai ya tangawizi kwenye chupa, mandazi mfukoni, soksi mbili mbili. Mama yako ameshanunua uzi wa sufu sokoni Gikomba, wa rangi ya samawati, ila hajui mguu wa mdogo umefika saizi gani sasa. Mpime leo leo uniandikie.

Baba yako