Mwanangu, kuhusu ile voisi yako ya jana

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikasirika, ya pili nikaona una hoja. Unasema sheria ya kimataifa ni mwavuli wa madikteta, mtu anachinja watu wake afu jirani akitaka kuvunja mlango anaambiwa weee, heshimu mipaka. Ni kweli bana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 2(4), unakataza nchi kuipiga nchi nyingine, ruhusa ni mbili tu, uwe umeshambuliwa unajilinda au Baraza la Usalama likubali, na huko wakubwa watano kila mmoja ana veto yake, yaani akikataa yeye peke yake azimio limekufa. Kumkomboa jirani haimo.

Sasa mchukue Idi Amin wa Uganda. Oktoba 1978 kavamia Kagera, kwetu Tanzania, Nyerere akamrudisha mbio mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, watu wakashangilia barabarani. Ila ona Mwalimu alivyochunga mdomo, hakusema naenda kukomboa Waganda, alisema vita viko viwili, sisi tunamwadhibu mvamizi, kumng'oa Amin ni kazi ya Waganda wenyewe. (Mi na wewe tunajua bila jeshi la Tanzania asingeng'oka.) Na bado Julai ile kwenye kikao cha OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, kule Monrovia alisemwa, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria hawakufurahi kabisa. Zamani nilikuwa nakereka sana na wale wazee, siku hizi nawaelewa kidogo, walikuwa wanamuogopa jirani atakayekuja kesho na sio Nyerere.

Na alikuja. Iraq 2003, Marekani ilipovamia, tuliambiwa kuna silaha za maangamizi, zilipokosekana ndo wimbo wa uhuru ukapandishwa sauti. Ile sanamu ya Saddam pale Baghdad, kabla haijaangushwa, mwanajeshi mmoja alipanda akaifunika uso na bendera ya Marekani, wakashtuka wakaitoa haraka wakaweka ya Iraq, lakini dunia nzima ilishaona.

Libya 2011 walau walipiga hodi. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, mikono 10 juu, watano wakakaa kimya, ruhusa ilikuwa kulinda raia. Ikaishia Gaddafi kauawa Oktoba. Hapo ndo panaponiuma, maana Oktoba hiyo hiyo azimio la Syria lilipofika mezani Urusi na China zikalikataa, na Urusi ikaitaja Libya waziwazi, yaani ujanja wa huku waliulipia Wasyria ambao hata hawakuwepo.

Kwa hiyo ukiniuliza Amin alistahili kutolewa, alistahili, tena alichelewa. Ila kwenye voisi yako yote umeliruka swali moja tu, nani anaamua huyu ni dikteta wa kupigwa na yule ni rafiki wa kupewa silaha? Nijibu hilo, na usinirekodie dakika tisa tena, andika.

Mama yako