Ruwaza ipi ya kuundia objekti?

Salaam Zawadi,

Ruwaza za uundaji, yaani mbinu zilizozoeleka za kuunda objekti kwenye programu, ziko tano, lakini usianze na majina yake. Fungua msimbo wako, tafuta "new", neno la kuundia objekti, inakusumbua wapi.

Konstrakta yako ya Oda, yaani sehemu ya klasi inayoandaa objekti mpya, ina vigezo tisa, vinne ni stringi (maandishi). Namba ya simu ikikaa penye anwani, kompaila (kitafsiri cha msimbo) inanyamaza kwa kuwa zote ni stringi, na kosa linafika hadi kwa mteja. Hapo dawa ni Bilda: kila metodi iweke thamani moja na kurudisha "this", ukaguzi wote ufanyike ndani ya build(), objekti itoke ikiwa haibadiliki tena. Chunga orodha tu. Build() ikikabidhi orodha ileile ya bilda badala ya nakala yake, nawe ukaitumia bilda hiyo kwa oda ya pili, bidhaa mpya zitajipenyeza kwenye oda ya kwanza. Kwa vigezo viwili vitatu, achana na Bilda. Ni maandishi ya bure.

Ikiwa klasi ya kuundwa haijulikani mpaka programu inapoendeshwa, tumia Metodi ya Faktori: metodi moja, klasi mtoto ndiyo inayoamua. Faktori Abstrakti ni ya vitu vinavyopaswa kuoana, kwa mfano kitufe, menyu na dirisha vya mtindo mmoja. Kuongeza mtindo ni rahisi. Kuongeza aina ya kitu, tuseme kisanduku cha tiki, ndiyo kazi: utagusa kila faktori iliyopo, na wengi hushtuka wakiwa tayari nazo sita.

Prototaipu, yaani kunakili objekti iliyopo, inafaa pale kuandaa objekti upya kunapokula muda. Kwenye Java, clone() hunakili juujuu, kwa hiyo orodha ya ndani inabaki moja yenye wenyewe wawili. Bora uandike konstrakta ya kunakili.

Singletoni, klasi inayoruhusu objekti moja tu, nimeiacha nyuma makusudi. "if (mfano == null)" bila kufuli, nyuzi mbili (kazi zinazoendeshwa sambamba) zinaweza kuikuta null, yaani tupu, kwa wakati mmoja, ukapata objekti mbili. Enum (aina yenye thamani zilizotajwa mapema) yenye thamani moja inalimaliza hilo. Haimalizi balaa la majaribio: uchafu wa jaribio la kwanza unalikuta la pili. Mimi ningeunda objekti moja ndani ya main, metodi programu inapoanzia, kisha niipitishe kwenye konstrakta za wanaoihitaji.

Nitumie hiyo klasi ya Oda, nione zile stringi nne.

Wako,
Baraka