Fyuzi ya karavani hulinda waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye karavani, yaani nyumba za magurudumu za safari, waache tabia moja ya hatari: fyuzi ikikatika, wanachomeka kubwa zaidi ili safari iendelee.

Wengi huidharau volti 12 ya betri ya karavani kwa sababu haimrushi mtu. Kinachochoma waya ni mkondo, na kwenye volti 12 mkondo huwa mkubwa. Pampu ya maji ya wati 120 huvuta ampea 10. Kwenye volti 240 ingevuta nusu ampea tu. Betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea papo hapo.

Fyuzi imewekwa kulinda waya, wala si taa au pampu. Waya uliopangiwa ampea 15 ukipitishiwa 30, joto lake huwa mara nne. Fyuzi ya 30 haitakatika, kwa hiyo ganda la waya litayeyuka nyuma ya mbao bila mtu kuona. Rudisha namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Kwa fyuzi bapa za kawaida, nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kuziba pengo kwa kipande cha waya ni kujitafutia moto.

Kabla ya kuchomeka mpya, ichunguze iliyokatika. Uzi wake ukiwa umekatika pasipo masizi, mara nyingi mzigo ulizidi: labda feni imekwama au vifaa vingi viko kwenye njia moja ya umeme. Ndani kukiwa kweusi, tafuta shoti. Anzia pale waya unapopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kinga, kwa maana mtikisiko wa barabara hukwangua ganda hadi shaba iguse bodi. Zima vifaa vyote vya njia hiyo, weka fyuzi mpya, kisha washa kimoja kimoja. Ikikatika vyote vikiwa vimezimwa, kosa liko kwenye waya wenyewe.

Kuna hitilafu ambayo fyuzi haiioni kabisa, nayo ni kiungo kilicholegea. Mkondo haujazidi, lakini pale palipolegea panachemka. Ukiona kishikio cha fyuzi kimegeuka kahawia au kimelainika, kibadilishe. Fyuzi mpya peke yake haitasaidia.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni fyuzi kuu. Inapaswa kukaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwani waya ulio kati yake na betri hauna mlinzi. Anayefunga betri ya lithiamu ahakikishe fyuzi hiyo ina uwezo wa kukata mkondo mkubwa wa shoti, kwa sababu fyuzi dhaifu huweza kupasuka huku cheche ikiendelea kupitisha umeme. Na kabla ya kugusa chochote hapo, chomoa umeme wa nje na paneli za jua, kisha fungua ncha hasi kwanza.

Fundi umeme wa magari