Hoteli za Mji Mkongwe zituambie kuta zimekarabatiwa na nini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo linanikera muda mrefu na najua siko peke yangu. Kila nyumba ya zamani pale Mji Mkongwe, Zanzibar, ikishageuzwa hoteli inapewa sifa kwamba imekarabatiwa, wageni wanajaa, picha zinapigwa, bei inapanda, na hakuna anaeuliza imekarabatiwa na nini. Chokaa au simenti? Mimi shida yangu iko hapo tu.

Kwanza niseme sina ugomvi na hoteli, tena bila hoteli nyumba nyingi pale saa hizi zingekuwa kifusi. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba kibao zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa vyumba vyumba kwa familia, kodi ndogo, na mpangaji wa chumba kimoja utamwambia nini habari ya kuziba paa la nyumba nzima? Masika yakafanya kazi yake. Mpaka Mamlaka ya Mji Mkongwe inaanzishwa 1985 hali ilikuwa mbaya kweli, na mji wenyewe ukaja kuingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Wenye hela za hoteli ndio walioezeka mapaa mengi, tuwape haki yao. Hoteli ya Africa House, ile iliyojengwa 1888 na kuwa klabu ya Waingereza, zamani mswahili asingekanyaga labda awe amebeba sinia, leo unapanda juu unakaa unaangalia jua linazama bila kuulizwa na mtu.

Sasa juzi kati mimi na mke wangu tulipanda boti tukaenda kupumzika, tukachukua chumba kwenye hoteli moja ya vichochoroni kwa ndani, jina naliacha. Chumba kizuri, siwezi kusema uongo. Kirefu chembamba kama vyumba vyote vya kule, kwasababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti ya mkoko huipati ndefu unavyotaka wewe, ikifika mita tatu hivi ndio basi, kwahiyo boriti ndio inampangia fundi upana wa chumba. Ukuta mnene mpaka mke wangu alikunja miguu akakaa dirishani na kikombe chake cha chai na nafasi ikabaki. Kitanda cha samadari, vioo vyenye maua, neti nyeupe, kijana wa risepsheni akatuambia hapa alilala mtu wa ukoo wa sultani (naona ukoo huo ulilala karibu kila hoteli ya Zanzibar, walikuwa watu wa kuhamahama kumbe).

Usiku simu yangu ikadondokea nyuma ya kitanda, nikasogeza kuitafuta. Huko nyuma rangi imevimba, imepasuka, na sakafuni kuna vumbi jeupe limejikusanya kama unga wa sembe. Nikagonga ukuta kwa kidole, unalia mtupu. Nikabandua kipande kidogo, juu plasta ngumu ya kijivu, simenti kabisa, na nyuma yake ukuta wenyewe unamiminika kama mchanga.

Mimi kazi yangu ni ujenzi kwahiyo naomba nieleze, maana wengi wanadhani simenti ndio imara kuliko vyote. Zile nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa hivyo unafyonza maji, kutoka chini ardhini, kutoka kwenye mvua, na una chumvi ndani yake tangu enzi, ila hauna shida kwasababu lipu ya chokaa inaruhusu unyevu utoke nje taratibu. Ukija ukapiga simenti juu yake na rangi ya mafuta, unyevu unakosa njia, unabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na ile chokaa iliyoshika mawe inaisha nguvu. Alafu zile ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza na wewe huzioni, kwasababu kwa nje kumepakwa rangi safi.

Ongeza mabafu sasa. Nyumba ilijengwa na choo kimoja au viwili huko chini, leo kila chumba kina choo chake, shawa yake, tenki juu ya paa, na mabomba yamepitishwa kwenye kuta hizohizo, likivuja moja linavuja kimya kimya miaka. Chumba chetu dari ya chini ya bafu la ghorofa ya juu ilikuwa na doa la njano limeota pembeni, nikamuonyesha meneja akasema watapaka rangi. Rangi tena!

Asubuhi nje nikakutana na mzee mmoja anafanya nyumba ya jirani, ana pipa la chokaa iliyolowekwa anaikoroga kwa mti, nikamuamkia tukaongea. Akaniambia, "Simenti unanunua asubuhi, jioni ushapiga ukuta, mwenye hoteli afurahi. Hii yangu nailoweka wiki kadhaa, napiga nyembamba, nangoja, napiga tena, nani ataningoja mie?" Na vijana je, nikamuuliza. Akasema vijana wako Fuoni na Mwanakwerekwe, huko nje ya Mji Mkongwe, wanajenga nyumba za tofali, hela iko huko. Sasa hapo utamlaumu nani, mwenye hoteli anataka afungue kabla ya Julai wageni hawajaanza kumiminika, fundi wa chokaa anataka miezi.

Beit al Ajaib tumeiona wote, lile jumba la Sultan Barghash hapo hapo Mji Mkongwe, 1883, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 watu wawili wakafa, tena ikiwa kwenye matengenezo. Sisemi sababu ilikuwa simenti, nasema jengo la kale linaweza kuonekana limesimama na jukwaa la mafundi pembeni na bado likaja chini. Hizi hoteli zinalaza watu. Kelele zikipigwa ni za kinachoonekana kwa nje, mfano pale Mambo Msiige, jumba la zamani lililogeuzwa hoteli, UNESCO walilalamikia jengo jipya la hoteli lililopachikwa pembeni kwa ukubwa wake, na walikuwa na haki, lakini kuta za nyuma ya kitanda nani anaenda kuziangalia?

Ombi langu ni hili. Mamlaka ya Mji Mkongwe ikikagua isiishie kwenye mlango wa kuchonga na dirisha la mbele, iingie chumbani, isogeze kitanda, igonge ukuta. Hoteli inayojiita ya kihistoria ibandike karatasi risepsheni iseme ukuta umepigwa nini, boriti gani zimebadilishwa, mwaka gani, fundi nani, karatasi moja tu sio kitabu. Na wageni si wanalipa tozo kwa kila usiku wanaolala, basi kiasi kidogo hapo kiende kwa wazee kama yule wa pipa wachukue vijana wanne watano wawafundishe kwa mshahara, sio kwa cheti na chai ya semina.

Na yule meneja kama anasoma gazeti hili, kaka, lile bafu la juu lifunge kwanza, bandua lile doa uangalie ncha za boriti kabla masika hayajaingia, rangi utapaka baadae.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam