Mkihamisha huduma za Java, ng'oeni maktaba za zamani kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wakuu wa TEHAMA na waandishi wa programu wa hapa Dar es Salaam wanaohamisha huduma za Java kutoka Tomcat (seva ya kuendeshea programu za Java) toleo la 9 kwenda 10, au Spring Boot (fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea programu hizo) toleo la 2 kwenda 3.

Tangu toleo la 9 la Jakarta EE (viwango vya programu za Java za seva, zamani Java EE), la mwaka 2020, vifurushi vyake vingi vya kodi ambavyo majina yalianza na javax sasa huanza na jakarta, kwa kuwa Oracle, mwenye jina la Java, na Eclipse Foundation, inayosimamia Jakarta EE, hawakuafikiana juu ya jina la zamani. Anotesheni (alama ya maelekezo ndani ya kodi) ya @Path, inayotaja anwani ya huduma, ya javax.ws.rs na ile ya jakarta.ws.rs zinaandikwa sawa, lakini kwa seva ni vitu viwili visivyojuana.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Maktaba ya zamani (kodi iliyoandikwa tayari ambayo programu inaitumia) ikibaki kwenye mradi, mara nyingi ikiwa imeburutwa na maktaba nyingine, kodi inakompaili (inageuzwa kuwa programu) bila kosa na seva inawaka, kisha mteja anapata kosa la 404, yaani anwani haikupatikana. Logi (kumbukumbu ya matukio ya seva) haina neno, maana fremuweki mpya haiitafuti anotesheni ile. @XmlElement, inayotaja jina la elementi katika ujumbe wa XML, ikipuuzwa ni balaa zaidi: huduma inajibu, ila jina la elementi limebadilika, na mfumo wa upande wa pili unaona sehemu ya kiasi cha malipo iko tupu.

Endesheni mvn dependency:tree (amri ya Maven inayoorodhesha maktaba zote za mradi), mtoe kila kinacholeta javax.ws.rs, javax.jws na javax.xml.bind. Kodi ikikataa kukompaili, afadhali. Makosa hayo ndiyo orodha yenu ya kazi. Msibadilishe javax yote kwa mkupuo, tafadhali: javax.sql, javax.crypto na javax.net ni za Java yenyewe na hazikuguswa. Kwenye javax.annotation fungueni macho, kwani PostConstruct imehama lakini javax.annotation.processing imebaki.

Wenye SOAP (huduma zinazobadilishana ujumbe wa XML) wana mtego wao. Katika JAX-WS, kiwango cha Java cha huduma hizo, parameta isiyopewa jina kwa @WebParam huitwa arg0, ilhali XFire, maktaba ya zamani ya SOAP, iliiita in0. targetNamespace (jina la kipekee linalotambulisha huduma) isipoandikwa hutungwa kutokana na jina la kifurushi, hivyo kuhamisha klasi tu kunavunja mkataba na wateja. Iandikeni wazi kwenye @WebService. Hifadhini WSDL (faili inayoeleza huduma kwa wateja) ya zamani kabla ya kugusa chochote, kisha mlinganishe na mpya. Hata mkwaju (/) mmoja ukipungua mwishoni mwa targetNamespace, ombi la mteja wa zamani litakataliwa.

Mwandishi wa programu,
Kinondoni, Dar es Salaam